Kwa Nini Shombo Halitoki Jikoni

Tulieni basi. Hili si la kucheka, ingawa linanuka.

Zamani shombo halikulala ndani ya nyumba. Mtu akipika samaki, bakuli la kwanza lilikwenda kwa jirani, na shombo lilitoka nalo mlangoni. Watu wakimaliza kula, jiko lilikuwa halinuki kitu. Udi ulikuwa wa maharusi tu.

Alikuwapo mwanamke akiitwa Mize, fundi wa mapishi, lakini mkono wa birika. Siku moja alipata kipande cha papa mkavu, kidogo kweli. Jirani yake, Binti Kombo, alikuwa mjamzito, na mjamzito akinusa chakula hanyimwi. Mize akaona hapo hatabaki na kitu. Akafunga dirisha, akaziba nyufa za mlango kwa matambara, akampika papa wake kwa nazi, akamla peke yake hadi akalamba mwiko.

Shombo likatafuta bakuli la kulifuata, halikuliona. Likakaa. Likaingia kwenye kanga, kwenye nywele, hata kwenye maji ya mtungi. Mize akasugua kwa majivu, akachemsha maganda ya ndimu, akafukiza udi. Jiko likanuka papa aliyekwenda harusini. Na Ijumaa wazee walikuwa wanakuja kumposa binti yake. Nani angeoa nyumba inayonuka vile? Mize alilia.

Alipochoka kulia alikwenda kwa Binti Kombo, akamweleza yote, uso chini. 

“Nilinusa, dada,” akasema Binti Kombo. “Kabla hujaziba. Nikaosha bakuli, nikangoja.”

Mize aliona haya isiyo kifani. Akarudi akafungua mlango na dirisha, akapika kunde alizokuwa nazo, akazipeleka kwa mikono miwili. Shombo likamfuata nyuma. Lakini halikutoka lote, maana lilikwisha onja kulala ndani. Wazee walikuja, wakakunja pua kidogo, wakaposa.

Na tangu siku hiyo shombo hubaki jikoni hata chakula kikiisha. Watu huchemsha ndimu na kufukiza udi, lakini kwanza hufungua mlango. Nao wajawazito wengi, wakinusa samaki wa jirani, hugeuza uso. Wanaume husema ni mimba. Wanawake wanajua ni Mize.