Kidawa Aliposimama Kilangoni

Hapo zamani, zamani zile ambazo hata bibi yangu alizikuta zimekwisha, wanyama walikuwa na nyumba zao, wake zao, majungu yao na vikao vyao visivyokwisha. Kaeni vizuri niwasimulie. Leo nasimulia kwa hasira kidogo, kwa hiyo anayependa kucheka wazee atoke mapema.

Katika bonde la Kilwenga aliishi Mzee Mondo. Mondo mnamjua? Ni yule paka wa porini mwenye miguu mirefu na masikio makubwa. Kazi yake ilikuwa kuwinda ndege, kanga na kwale. Enzi za ujana wake aliruka juu akamdaka kwale hewani, paa, kabla ndege hajakunja mguu. Lakini siku ninazosimulia magoti yake yalikuwa yamechoka. Akiinuka kutoka kigodani yalilia ko, ko, ko, mpaka majirani wakajua Mzee Mondo ameamka.

Aliishi na mbwa wake wa kuwindia, jina lake Kidawa. Kidawa alikuwa mdogo wa umbo, mvi zimemjaa puani, jicho moja lina ukungu, na mguu wake wa mbele uliwahi kuvunjika ukaunga vibaya. Walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na mitatu. Uji walikunywa kutoka sufuria moja. Paa likivuja, walihamia pamoja upande wa pili wa chumba. Mondo akianza kusema jambo, Kidawa alilimalizia, na mara nyingi alilimalizia vibaya makusudi ili wagombane kidogo na kupasha moto asubuhi. Walipendana, basi. Sioni haja ya kuzunguka.

Kazi ya Kidawa ilikuwa kusimama. Msicheke, hiyo ni kazi kubwa. Alitembea polepole kwenye nyasi, pua chini, na aliponusa ndege aliyejificha aliganda pale pale: mguu mmoja juu, mkia umenyooka, pua ikielekea kwa ndege. Hapepesi jicho, hasemi neno. Hapo Mondo alijua ndege yuko wapi, akasogea na rungu lake.

Na bonde zima lilikuwa na sheria moja ya uwindaji, ambayo kila mtoto alifundishwa kabla ya kuota meno. Mbwa akishasimama, hakuna anayeruhusiwa kupita mbele ya pua yake mpaka mwenye mbwa aje amwambie, "Haya." Awe mkubwa, awe mdogo, atasubiri. Aliyevunja sheria hiyo alinyang'anywa rungu lake maisha.

Sasa aje Chui. Chui alikuwa na nguvu, alikuwa na mbio, na alikuwa na mbwa watatu vijana wanaokimbia kama wamemwagiwa maji ya moto. Kitu kimoja tu alikosa. Shamba la mtama la kando ya mto, ambako kanga walijaa baada ya mavuno kuokota punje, lilikuwa la Mondo kuwinda. Lilikuwa lake kwa sababu mbwa wake ndiye aliyesimama pale wa kwanza, na haki hiyo ilidumu muda wote mbwa huyo alipokuwa bondeni. Kidawa akiondoka, shamba liko wazi.

Basi Chui akaenda barazani na rafiki yake Fisi. Alisema kwa upole mwingi kwamba anawaonea huruma wazee. Alisema mzee apumzike, na mbwa mzee anatia aibu bonde. Fisi akaitikia kila sentensi, hata zile ambazo Chui hajazimaliza. Wakaleta shauri lao: kila mwindaji anayelitaka shamba la kando ya mto aingie humo kesho asubuhi, na yeyote asiyeleta ndege saba kabla jua halijafika utosini aweke rungu chini, na mbwa wake avushwe mto na kuachwa huko.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na mamba na upweke. Mbwa mwenye jicho moja asingemaliza siku mbili.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Nyati, mzito wa mwili na mzito wa kuamua, mla majani ambaye ndege hawakumhusu. Yeye alipenda sheria tu. Akauliza kama wote wamekubali. Wengi walitazama chini, kwa sababu Chui alikuwa anawatazama.

Mondo akasimama, ko, ko, ko. "Nimekubali," alisema. "Lakini sheria hiyo iwe ya kila mmoja. Asiyeleta saba, awe nani, atoke."

Chui akacheka. "Iwe ya kila mmoja, mzee wangu. Hata mimi."

 Mondo na Kidawa walipofika nyumbani, mzee akakaa kigodani, akaanza kumchokonoa Kidawa kupe masikioni kama alivyofanya kila jioni.

"Nimefanya ujinga," akasema. "Mbwa wale watatu wa Chui wataingia shambani, ndege wote wataruka. Mimi nitabaki nahesabu manyoya. Kidawa, nakuomba uondoke leo. Nenda kwa dada yangu kule mlimani."

"Siendi," akasema Kidawa.

"Watakuvusha mto."

"Wajaribu. Wewe ulipolala miezi miwili na homa, nani alikuletea kwale? Nilikwambia uende mlimani? Mzee, mimi sijazeeka ili nianze kukimbia leo. Niambie tu kitu kimoja. Kanga wakisikia kelele, wanafanya nini?"

"Wanaruka."

"Unasema uongo na unajua. Wanaruka wakikurupushwa kwa karibu. Kelele ikiwa mbali wanafanya nini?"

Mondo akaacha kuchokonoa. "Wanatembea. Wanajipanga mstari wanaondoka kwa miguu."

"Wanatokea wapi?"

Shamba lile lilizungushiwa ua wa miiba, na kilango kilikuwa kimoja tu, cha kuingilia wawindaji. Lakini nyuma kabisa, upande wa mto, ndege walikuwa wamejitobolea tundu la kwendea maji. Chini sana, nyembamba sana. Chui hakulijua, maana hakuwahi kutembea polepole maishani mwake. Mondo na Kidawa walilijua kama mlango wa jikoni kwao.

Mondo akainuka kwenda kutafuta wavu.

Asubuhi washindani walikuwa njiani; wawindaji wengine hawakuthubutu kushindana na Chui. Chui mbele na mbwa wake watatu, Fisi nyuma yake na mfuko mkubwa mtupu, na Nyati akijikokota kwenda kushuhudia. Kilango kilipoonekana, mbwa wa Chui wakaanza kulia kwa pupa.

Kidawa alikuwa ameamka kabla yao. Walimkuta kilangoni, mbele ya kichaka kidogo cha nyasi. Mguu juu, mkia umenyooka, pua chini. Ameganda.

Chui akasimama ghafla mpaka Fisi akamgonga mgongoni, kibu!

"Amesimama," akasema Nyati.

"Naona kwamba amesimama," akasema Chui. "Yuko wapi mwenyewe aseme haya, tupite?"

Mondo hakuwepo. Nyati akasema alimwona mzee akichechemea kuelekea mtoni, labda kukanda magoti yake, na kwa magoti yale huenda akachelewa kurudi. Kisha akajilaza kando ya kilango, akaanza kucheua. Sheria ni sheria, akasema, tusubiri.

Wakasubiri. Chui akakaa. Chui akainuka. Chui akakaa tena. Akamtuma Fisi akamlete Mondo. Fisi akaangalia kilango, akamwangalia Chui, akahesabu kichwani mwake kwamba yeye akiondoka, Kidawa anaweza kulegea, Chui akaingia peke yake, na kanga wote wakaliwa bila yeye. Akasema mguu unamuuma. Chui akasema basi ataenda yeye mwenyewe. Halafu akamwangalia Fisi, akafanya hesabu ile ile, akakaa chini.

Hao ndio marafiki wa dhati, mnawaona?

Jua likapanda. Mguu mbovu wa Kidawa ndio uliobeba uzito, kwa sababu ule mzima ulikuwa juu. Ukaanza kutetemeka. Nzi akatua kwenye jicho lake lenye ukungu, akatembea humo kama yuko sokoni. Kidawa hakupepesa.

Chui akamsogelea kwa nyuma, akainama sikioni mwake.

"Bibi wewe, hapo hakuna ndege. Umesimamia hewa. Nyati akijua, utavuka mto kabla ya mchana. Shusha mguu uondoke taratibu, nami nitanyamaza."

Kidawa kimya. Mbwa aliyesimama haongei.

"Unamfia mzee yule kwa lipi? Hawezi hata kuruka."

Kidawa kimya. Lakini moyoni, na hili najua kwa sababu mimi ndiye ninayesimulia, alimjibu maneno ambayo siwezi kuyasema mbele ya watoto.

Chui akapandwa na hasira. Akawageukia mbwa wake, akawaambia wabweke, wabweke kwa nguvu zote, mpaka kikongwe huyu aruke kwa woga. Na wale vijana walikuwa wamengoja ruhusa hiyo tangu alfajiri. Bwe! Bwe! Bwe! Wakabweka mpaka miiba ya ua ikatikisika. Fisi naye akaongeza kicheko chake. Hata Nyati akaacha kucheua.

Kidawa hakuruka. Alikaza meno akabaki pale pale, machozi yanamtoka kwa maumivu ya mguu.

Huko ndani ya shamba, kanga walisikia. Kelele ilikuwa mbali, hakuna aliyeingia, hakuna sababu ya kuruka. Wakanyanyua vichwa, wakajipanga mstari, wakaanza kuondoka kwa miguu kwenda upande wa mto. Kadiri Chui alivyowahimiza mbwa wake, ndivyo kanga walivyoongeza mwendo. Wakafika kwenye tundu lao, wakainama, wakapita mmoja mmoja. Na kila aliyepita aliingia kwenye wavu, pu, na mzee aliyekaa chini bila kuhitaji kuruka hata kidogo alikuwa anawapokea.

Jua likabakiza kidogo tu kufika utosini. Hapo ndipo ziliposikika ko, ko, ko. Mondo alikuwa anakuja na mti begani, na kwenye mti walining'inia kanga kumi na mmoja.

Hakuwasalimu Chui na Fisi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Kidawa, akapiga magoti yake yale mabovu, akasema taratibu, "Haya, mama. Haya. Inatosha."

Kidawa akashusha mguu, akaanguka ubavu.

Chui akanguruma kwamba huo ni udanganyifu. Mbwa alisimamia hewa, amewafungia njia kwa uongo, na anayesimama kwa uongo adhabu yake ni kuvushwa mto. Akamtaka Mwenyekiti akague. Nyati akainuka, akasogea kilangoni, akafungua kile kichaka cha nyasi kwa pua yake.

Ndani alikuwepo kwale jike, amelalia mayai tisa. Aliwatazama wote kwa dharau. Kwale aliyelalia mayai haondoki hata dunia ianguke, na Kidawa, ambaye hutembea polepole, alikuwa amemwona siku nne nyuma.

"Kwale wa mayai haliwi!" akapiga kelele Fisi.

"Sheria inasema ndege," akajibu Nyati baada ya kufikiri kwa muda mrefu sana. "Haisemi ndege wa kuliwa. Mzee Mondo ana kumi na mmoja. Na sasa jua liko utosini. Wewe, Chui, una wangapi?"

Chui hakuwa na hata unyoya. Mfuko wa Fisi ulikuwa umelala chini, mtupu.

Kwa hiyo Nyati akawakumbusha maneno yao wenyewe ya barazani: rungu chini, na mbwa wavushwe mto. Rungu la Chui likaanguka, ti. La Fisi likafuata. Wale mbwa watatu wakaanza kutetemeka, mikia imeingia katikati ya miguu. Chui aliwaangalia mara moja tu, kisha akasema wachukueni, nitapata wengine.

Kidawa aliinua kichwa kutoka kwenye vumbi.

"Hakuna mbwa atakayevuka mto," akasema. "Si hawa, si mimi, si mwingine."

"Sheria imesema," akasema Nyati.

"Basi sheria hiyo ije inipitie mimi kwanza, Mwenyekiti. Nitasimama tena kilangoni, hata kwa miguu mitatu. Na wewe umeona jinsi ninavyosimama."

Nyati aliona. Alicheua, akafikiri, akatazama jua, mwishowe akasema sehemu ile ya mbwa haikuandikwa vizuri na baraza linaifuta. Wale vijana watatu hawakumrudia Chui. Walikwenda kukaa nyuma ya Kidawa, na kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe walinyamaza.

Mondo akawapa mti wa kanga waubebe. Yeye akamwinua Kidawa, akamweka begani, na magoti yakalia kwa uchungu. Wakaanza kuondoka. Chui, aliyebaki bila rungu na bila mbwa, akawapigia kelele kutoka nyuma.

"Mtaendelea hivi mpaka lini, nyinyi wazee wawili?"

Mondo hakugeuka. Kidawa ndiye aliyegeuza kichwa pale begani.

"Mpaka tutakapochoka sisi," akasema, "siyo mpaka mtakapotuchoka nyinyi."

Hiyo ndiyo hadithi yangu, na funzo lake ni hili: kuzeeka si ruhusa ya wengine kukuamulia.