Atakayempa Jina Mtoto wa Kasha la Joto

Tak. Kimya. Tak.

Ndivyo ilivyoanza, usiku wa manane, wodini kwenye kituo chetu cha afya huku juu milimani, na mimi nimelala na homa, mshono unaniuma, sijui nimesikia au nimeota, nikafungua macho nikaona taa za kasha la joto zimezimika na mwanangu yumo ndani. Tak, zikawaka. Tak, zikazimika tena. 

Ngojeni, nimekimbilia katikati. Nirudi nyuma, ili nyinyi mnaosubiri zamu ya mizani na watoto wenu mapajani mpate kuhukumu vizuri, maana hili ninalowaletea ni kesi, si porojo. Kuna watu watatu, na kila mmoja ana kipaji chake.

Nesi Mwantumu ana masikio. Akiwa chumba cha pili anachemsha vifaa, atakuambia mtoto wa kitanda cha mwisho amebadilisha pumzi, ukienda kutazama, kweli.

Mzee Shekalaghe, fundi saa wa sokoni, ana macho. Akipachika ile lenzi yake jichoni huona unywele ulionasa kwenye gurudumu la saa ya mkononi, akautoa, akakuonyesha, na wewe bado huuoni.

Kupaza, fundi redio, ana mikono. Haitetemeki. Hata akigombana na mtu, mdomo unafoka, mikono imetulia kama ya mtu mwingine. Ndiye aliyelitengeneza hilo kasha: sanduku la mbao, kioo juu, taa za joto pembeni, na ubavuni kwa nje kompyuta ndogo ya mtumba, bodi ya kuenea kiganjani, haina skrini wala vitufe. Kazi yake moja tu. Inapima joto la ndani. Likizidi inazima taa, likipungua inaziwasha.

Mwanangu wa kike alizaliwa kabla ya wakati wake, kadogo, ngozi unaona mishipa. Nesi alinifundisha kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, nikambeba kweli, usiku na mchana, mpaka mshono ukatunga usaha na homa ikanilaza, nikakatazwa kumshika. Ndipo akawekwa kashani. Na mama mkwe, aliyekuja kunitunza, akasema neno ambalo leo ndilo linaloninyima usingizi: kwao, mtoto aliyeponea chupuchupu hapewi jina na baba wala bibi. Jina anampa yule aliyemrudisha, mmoja tu, na huyo anakuwa mzazi wake wa pili, hachumbiwi wala haolewi bila yeye kuulizwa.

Sasa rudini nami kwenye ule usiku.

Nesi Mwantumu alikwishaliona kasha linapoa, na akafanya ambalo sote tungefanya: akachomeka jagi la umeme, akachemsha maji, akajaza chupa, akazifunga kwa khanga, akazipanga kumzunguka mtoto. Chupa zikipoa, anachemsha tena. Na kasha likazidi kufa. Mama mkwe akamtoa mtoto, akamfunga kifuani mwake, lakini ni mzee, mwili wenyewe hauna joto, akawa ananiambia kila mara, "Miguu, mwanangu, miguu yake bado ya baridi," na mimi nalia tu.

Hapo Nesi akasimama katikati ya wodi, akainua kidole. "Nyamazeni wote."

Tukanyamaza. Jagi likaanza kuunguruma. Tak.

Akalichomoa. Baada ya kitambo, tak, taa zikawaka. Akalichomeka. Tak, giza.

"Si taa zilizoharibika," akasema, polepole, kama mtu anayeogopa maneno yake mwenyewe. "Hii kompyuta inazimika na kuanza upya kila ninapochemsha maji, hata yale ya vifaa jioni. Umeme ukiyumba kidogo tu, haivumilii. Mimi hapa na jagi langu, ninampasha mtoto kwa mkono huu, ninamzimia taa kwa mkono huu." Akalitupa jagi chini. Taa zikakaa kidogo, kisha tak, zikazimika, maana alfajiri ilikuwa inakaribia na kijiji kizima kimeanza kupasha chai, na umeme wa huku mnaujua. Akawapigia simu mafundi wote wawili. "Njooni na vifaa vya kupimia kompyuta," akawaambia, "taa hazina kosa." Bila sikio lake, wangeanza kubadilisha taa, na mtoto anapoa.

Mzee Shekalaghe akaingia na lenzi yake, kikoi na koti juu. Kupaza akafungua kile kiboksi cha ubavuni, na mzee akarudi nyuma.

"Kijana, hii ni kompyuta au mshumaa?"

Maana bodi yote, tangu mwanzo hadi mwisho, ilikuwa imemwagiwa nta ya nyuki, imeganda, ya njano, huoni kitu.

"Nimeikinga na ukungu, Mzee," Kupaza akasema. "Vitu vyetu vyote huku vinaoza kwa ukungu. Hata redio naziwekea."

"Ulichoikinga ni macho! Uliitazama kwanza kabla ya kuizika?"

"Si wewe uliyeniuzia? Uliniambia ni nzima."

"Nilikuambia imetoka kwenye mashine nzima. Mimi nilipangusa vumbi nikakupa."

"Na hiyo lenzi ulikuwa umeiweka wapi siku hiyo?"

"Baba zangu," Nesi akasema, "mtagombana mtoto akishapata joto."

Mzee akachukua kijiti akaanza kuibandua nta, kipande kwa kipande, anapuliza, anainama, mimi nahesabu pumzi za mwanangu kule kifuani kwa bibi yake na kila moja naiona ni ya mwisho. Akasafisha tundu la umeme, akalitazama: halina kasoro. Akafuata njia za shaba zilivyopita, akaitazama chipu kubwa: haijaungua. Kisha akasimama kwenye vijipipa viwili vilivyosimama karibu na pale umeme unapoingilia, vile vinavyouhifadhi umeme kidogo ili ukiyumba bodi isisikie. Kimoja kichwa chake bapa. Kingine kilikuwa kimevimba, kidogo mno, kama mkate ulioanza kuumuka, na chini yake doa la maji yaliyokauka.

"Huyu hapa," akasema. "Alikuwa mgonjwa tangu nilipomuuza." Sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. Bila jicho lake, wangeifungua bodi nzima hata jua likachwa.

Kupaza akakimbia kwake, akarudi ameshika kijipipa kama kile, amekichomoa kwenye redio yake mwenyewe. Lakini pasi yake ya kulehemu ilikuwa imebaki bondeni alikokuwa na kazi jana yake. Basi akachukua spoku ya baiskeli, akainoa kwenye sakafu, akaitia kwenye jiko la mkaa la mama mkwe mpaka ikawa nyekundu. Mzee akamwambia, "Ukikosea upande, kinapasuka. Ukikawia, unaiunguza njia ya shaba, na hatuna bodi nyingine." Kupaza akakitoa kile kilichovimba. Akageuza kipya, mstari wa pembeni, ule unaoonyesha upande, ukatazama ulipopaswa kutazama. Spoku ikagusa, moshi mwembamba, ikaondoka. Ikagusa tena, ikaondoka. Jasho linamtiririka puani, mikono imetulia. Bila mikono ile, masikio na macho yangebaki kujua tu.

Wakaunganisha umeme. Taa zikawaka. Tukangoja.

Nesi akaokota jagi, akalijaza, akatutazama mmoja mmoja, akalichomeka. Likaunguruma mpaka likachemka. Hakuna tak. Hakuna. Mtoto akarudishwa kashani, na jua lilipopanda mama mkwe akaingiza mkono akamgusa nyayo, akaanza kulia, na mimi nikajua ni kilio cha heri.

Mngedhani yameisha. Hayajaisha. Kesho mwanangu anatimiza siku arobaini, anatolewa nje ya wodi kwa mara ya kwanza, na mama mkwe amesema asitoke bila jina.

Nesi Mwantumu alinijia jana, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Aitwe Mwantumu," akasema. "Sikujaliwa wangu. Mimi ndiye niliyesikia." Kweli alisikia. Lakini jagi lilikuwa mkononi mwake.

Mzee Shekalaghe alinijia, akavua kofia. "Aitwe Zaliha. Zaliha wangu alizaliwa hivihivi, wakati ule hakukuwa na kasha. Mimi ndiye niliyeona." Kweli aliona. Lakini bodi ile mbovu ilitoka mezani kwake.

Kupaza hakuingia ndani, alisimama mlangoni. "Jina lolote, dada, mimi sina la kuchagua. Ila sokoni wanasema kasha langu nusura liue mtoto. Hakuna anayeniletea hata redio. Ukinipa mimi nimwite, watajua nilimrudisha." Kweli aliponya. Lakini nta ni yake.

Nikamwambia mama mkwe, "Si tuwape wote watatu?" Akanitazama kama nimetukana. "Mwenye wazazi watatu siku ya shida hana hata mmoja. Mmoja, mwanangu. Na ukikosea, hatokosewa mwingine, ni huyo mtoto." Nikamuuliza na yeye, aliyembeba kifuani, tumhesabu? Akacheka, "Mimi bibi. Kubeba ni kazi yangu."

Nami naogopa. Nikimchagua mmoja, wawili nimewavunja, na watu hawa ndio watakaonipokea mwanangu akiugua tena, akipata homa tena, kasha likilia tena. Asiposikia mmoja, asipoona mmoja, asiposhika mmoja, nitamwendea nani?

Basi niambieni. Aliyesikia lakini jagi lake ndilo lililozima taa? Aliyeona lakini aliuza bila kutazama? Aliyeponya kwa mikono ileile iliyomwaga nta? Wewe mwenye mtoto mgongoni, wewe unayenyonyesha pale pembeni, je, ungekuwa mimi, kesho asubuhi mlangoni, wote watatu wamesimama wanakutazama, jina ungempa nani alitaje?

Usijibu kwa sauti, Nesi yuko pale kwenye mizani na mnajua masikio yake. Sogea, ninong'oneze. Utakaloniambia naapa sitamwambia mtu mwingine yeyote.