Mwanamvua na Hesabu ya Mazimwi Watatu

Ngano, ngano!
— Ngano na ije!
Ikija na makapi?
— Tutapepeta!
Ikija na aibu?
— Tutainamisha nyuso!

Basi inamisheni. Hapo kale, zama za mazimwi kutembea na watoto kulala mapema, usiku wa manane kulisikika kitu. Kwaru! Du! Fyuu! Mwanamvua yuko ndani, nyumbani kwa mama yake, anaumwa uchungu wa mimba ya kwanza, na nje mazimwi watatu wameshika paa. Mmoja anakwaruza, mmoja anapiga vishindo, mmoja anapiga mluzi. Wanaimba:

Mimi kila usiku wa nne narudi!
Mimi kila wa tano narudi!
Mimi kila wa nane narudi!
Tukikutana tena sote watatu,
Paa juu, mtoto kinywani!

Jogoo akawika. Wakakimbia. Mtoto akazaliwa.

Asubuhi wanaume wakauliza, watakutana lini tena? Maana zimwi mmoja hang'oi paa. Wawili hawang'oi. Watatu wanang'oa. Na mzazi hatoki ndani mpaka arobaini. Usiku wa arobaini anachezewa ngoma, asubuhi yake anavuka mto na mwanawe kwenda kwa mumewe. Na zimwi, mnajua wenyewe, havuki maji.

Sasa Mwanamvua alikuwa amesoma. Sekondari nzima, kijiji kizima yeye peke yake! Hata jasho la uchungu halijakauka, akaropoka kitandani: "Nne mara tano, ishirini. Ishirini mara nane, mia na sitini. Watakutana usiku wa mia na sitini! Mimi nitakuwa ng'ambo zamani!"

"Huyo ndiye msomi wetu!"

Wanaume wakabeba mikuki yao, mumewe mbele, wakaenda zao kambi ya chumvi, huko mbali.

Usiku wa nne: Kwaru! Peke yake. Usiku wa tano: Du! Peke yake. Usiku wa nane... Kwaru! Fyuu! Wawili pamoja! Mwanamvua akaketi. Si alizidisha? Nne mara nane si thelathini na mbili? Mbona wamekutana leo? Akajiambia, ni upepo. Usiku wa kumi na sita: Kwaru! Fyuu! Ni upepo. Usiku wa ishirini na nne: Kwaru! Fyuu! Jamani, upepo gani huo usiokosea siku?

Akachukua kunde, akazipanga mkekani. Mstari wa kila nne, mstari wa kila tano, mstari wa kila nane. Akaona. Nane ina nne tumboni mwake! Kila anapokuja wa nane, wa nne naye yupo, hakuna haja ya kuzidisha nne mara ya pili. Zimebaki nane na tano. Nane mara tano, arobaini. Namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote tatu. Kigawe kidogo cha shirika, hesabu ya shule ya msingi!

Arobaini. Usiku wa ngoma.

Akataka kusema. Mama akaja na uji: "Kunywa, msomi wangu." Akameza uji, akameza na neno. Kesho yake, "Kunywa, msomi wangu." Akameza. Kesho kutwa, akameza. Aibu ilimkaba kuliko zimwi.

Ikafika siku ya thelathini na tano. Wifi yake Siwema, dada wa mumewe, alikuwa akimkanda kwa maji ya moto.

"Wifi, maziwa hayatoki, machozi yanatoka. Kuna nini?"

"Niapie kwanza."

"Kwani umeua?"

"Bado."

Akamwaga yote kwa mkupuo mmoja, uso umefukiwa kwenye mto. Siwema akacheka mpaka akakaa chini. "Yaani kaka yangu katutambia kaoa kichwa, kumbe kaoa kilemba!" Kisha akamwona mtoto amelala, ngumi zimekunjwa. Kicheko kikakatika. "Mficha uchi hazai, wifi, nawe umeshazaa. Sema, tufanyeje?"

"Wanaume hawatawahi kurudi. Lakini mmoja akichelewa usiku mmoja tu, hawatimii. Wa tano anakuja leo, peke yake. Mimi sivuki kizingiti. Wewe unavuka."

Siwema akapika bokoboko, zito, la nyama na samli, sufuria ya harusi. Akaliweka nje. Du! Zimwi akala. Akalamba. Akatafuna na sufuria! Akajikokota kichakani, akalala mchana, akalala usiku, akalala mchana wa pili. Alipoamka, usiku mmoja ulikuwa umempita, hakuuhesabu.

Usiku wa arobaini ngoma ikalia. Kwaru! Fyuu! Paa likatikisika, makuti yakadondoka, Mwanamvua akamfunika mwanawe kwa mwili wake.

"Mwenzetu yuko wapi?"

"Ngoja."

"Nangoja!"

Wakangoja. Jogoo akawika.

Kulipokucha, vigelegele! "Alisema hawatakutana, na hawakukutana! Mia na sitini, watoto, ikaririni!" Watoto wakaikariri kwa wimbo, Mwanamvua akaisikia njia nzima mpaka mtoni, kila neno mwiba. Akajifunika uso gubigubi. Watu wakasema, tazameni haya za mzazi!

Katikati ya daraja la magogo akamshika Siwema mkono. "Wifi. Kaka yako..."

"Naapa kwa huyu uliyembeba," Siwema akasema, naye safari hii hakucheka, "kinywani mwangu hatasikia mtu mwingine."

Ngano yangu imefika, mzigo nimeutua. Na nyinyi mliosikia?
— Hatumwambii mtu mwingine!