Miguu ya Mwonjaji na Ng'ombe Mmoja

Hapo zamani, ila si zamani ya kutisha, maana zahanati ilikwishajengwa na bati lake limeanza kushika kutu, palikuwa na kijiji cha mlimani kiitwacho Ngarumo. Watu wake walilima kahawa na ndizi. Kahawa waliiuza, ndizi walizila, na zilizoiva kupita kiasi wakazipikia pombe ya mbege pamoja na ulezi. Na kwa mbege hawakuwa na mzaha. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wangarumo hawakukaa kulalamika, waliweka mwonjaji.

Mwonjaji alikuwa mmoja tu kijiji kizima. Hakuna mama aliyeruhusiwa kuuza mbege yake kabla mwonjaji hajaipitisha. Mpishi alijaza kata, kibuyu cha kunywea, akaibeba mpaka kwa mwonjaji, akapiga magoti. Mwonjaji aliinywa yote mpaka chini, kwa sababu walisema mbege haijulikani kwa ulimi, hujulikana kwa tumbo. Akifuta mdomo na kusema "Imeiva," mama yule alirudi kuchomeka jani la mgomba kando ya njia, na wateja wakaja. Kukataa kata iliyoletwa mlangoni lilikuwa tusi, tena tusi la ukoo mzima.

Wakati wa hadithi yetu mwonjaji alikuwa Nderingo, aliyekirithi kiti kwa baba yake, na baba yake kwa babu. Wapishi walikuwa kumi na wawili, na kata ya Ngarumo si kikombe cha chai. Msidhani Nderingo alikuwa mlevi wa kulala mtaroni. Hakumpiga mke wake, hakumtukana mtu, hakuimba njiani. Kata ililetwa, akanywa, akafuta mdomo, akasema imeiva. Kesho yake kata ililetwa, akanywa, akafuta mdomo, akasema imeiva. Miaka kumi na tisa.

Mwaka wa ishirini miguu yake ikavimba. Mwanzo viatu vilimbana jioni. Baadaye vikambana tangu asubuhi. Mwisho havikuingia kabisa, akawa anatembea na ndala zilizokatwa kanda. Tumbo nalo likafuata, likajaa na kukaza, na weupe wa macho yake ukageuka manjano.

Sasa sikilizeni kosa la Wangarumo. Kwingine mtu akivimba miguu husemwa amekanyaga dawa ya mchawi. Kwingine hupelekwa hospitali. Ngarumo walimpongeza. Baba yake alivimba vile vile, na babu yake vile vile, kwa hiyo wazee walikwishakata shauri siku nyingi kwamba mwonjaji akivimba miguu ni kiti kimemkubali, waliomtangulia wamemfanya mzito asiondoke. Kwamba baba na babu walikufa muda mfupi baada ya kukubaliwa, hilo lilijulikana, ila walisema wameitwa. Basi wakamchongea Nderingo kiti kipana zaidi, wakachinja mbuzi, wakamvisha kilemba cha ukoka na ngoma juu yake. Na Nderingo, sitamficha, alifurahi. Kila mgeni alipofika, aliinyoosha miguu ili ionekane vizuri.

Kwenye karamu ile alialikwa pia mganga wa zahanati, Bi. Mwanahawa, mtu wa Pangani, aliyekuwa amemaliza mwaka mmoja tu kijijini. Alikula nyama, akashukuru, kisha akamwendea mwonjaji kumpa mkono. Alipoiona ile miguu hakumpa mkono. Aliinama, akamkandamiza kwa dole gumba juu ya muundi, akahesabu kidogo, akaachia. Shimo likabaki pale pale. Akamuuliza kama anakula vizuri, akasema hapana. Akamuuliza mkojo una rangi gani, akasema kama chai ya rangi. Watu wakaanza kucheka, maana si maswali ya karamuni. Bi. Mwanahawa hakucheka.

"Baba, hiki si kiti," alisema, na wote wakasikia. "Hili ni ini. Limechoshwa na pombe mpaka limejaa makovu, na maji yaliyokosa njia yanashuka miguuni na kujaa tumboni. Ukiendelea kunywa utakufa. Sitasema uongo kwa sababu nimekula mbuzi wenu."

Wazee wakasema mtu asiyejua hata ladha ya mbege atajuaje habari za mwonjaji. Tangu siku ile akina mama wakaacha kumpelekea watoto kupimwa, wakawa wanapanda mlima mpaka kijiji cha pili. Barua ikaandikwa ili ahamishwe, ikafuatiwa na nyingine. Naye kila aliyekutana naye alimwambia maneno yale yale, hakupunguza hata moja.

Nderingo alicheka pamoja na wenzake. Lakini alipobaki peke yake alikumbuka mwezi wa mwisho wa baba yake. Mzee alitapika damu, na wanawake uani waliambiwa waimbe kwa sauti ili wageni wasisikie. Aliyeshika beseni ni yeye Nderingo. Akaogopa, akaogopa kweli kweli. Na bado, kesho yake kata ilipoletwa, akanywa, akafuta mdomo, akasema imeiva.

Mke wake aliitwa Anaeli, naye alikuwa mpishi wa mbege hodari kuliko wote kumi na wawili. Alimwangalia mumewe wiki nzima. Aliyaona anayoyaogopa, akaona pia mkono wake haujui kukataa. Siku ya nane akawaita kaka zake wawili, wakambeba Nderingo kwenye kitanda cha kamba mpaka barabara kuu, wakampakia gari, wakamfikisha hospitali ya wilaya.

Kule aliteseka. Mwili uliozoea pombe miaka ishirini ukiikosa ghafla huchanganyikiwa, na siku nne Nderingo alitetemeka na kuwafukuza mbuzi ambao hawakuwapo, madaktari wakimlinda. Walimtoa maji tumboni kwa sindano. Walimpa dawa ya kukojoa maji ya miguuni. Wakamwambia chumvi aipunguze sana, na pombe aiache maisha yake yote, hata kata moja, hata nusu.

Mchungaji wa kanisa la Ngarumo alipokwenda kumwona, Nderingo alimshika mkono akaweka nadhiri mbele ya wagonjwa wote. Alisema akivaa tena viatu vyake, ng'ombe wake mwekundu atakuwa wa yule aliyemrudishia miguu yake. Ng'ombe huyo ndiye pekee aliyekuwa naye. Na nadhiri ya Ngarumo haina kurudi nyuma wala kugawanywa. Ng'ombe wa nadhiri huwa wa mtu mmoja.

Alirudi nyumbani amekonda, miguu imepungua nusu. Kesho yake asubuhi kata ya kwanza ikaja, imejaa mpaka ukingoni. Anaeli akasimama mlangoni.

"Rudi nayo, mama," alimwambia aliyeileta. "Humu ndani hakuna tena tumbo la kijiji."

Wa kwanza alilia. Wa pili alitukana. Wa tatu aliweka kata chini akasema hataiondoa, na Anaeli akaimwaga kwenye migomba. Aliwarudisha wote kumi na mmoja, na wa kumi na mbili alikuwa yeye mwenyewe, kwa hiyo akayapindua mapipa yake juu chini, akaacha kupika, ili hata harufu isimfikie mumewe. Kazi aliyofundishwa na mama yake ikaishia hapo. Wanawake wakaacha kumwamkia. Mama yake alipofariki, hakuna mwanamke hata mmoja wa Ngarumo aliyekuja kupika kwenye matanga. Anaeli aliwachemshia waombolezaji chai mwenyewe, akakoroga uji mwenyewe, akaosha vyombo mwenyewe. Aliyewahi kufiwa anajua hiyo ni adhabu ya namna gani. Nderingo alimwona, na roho ilimuuma kuliko sindano zote.

Lakini mbege isiyoonjwa haiuzwi. Majani ya migomba yakatoweka njiani, mapipa yakachacha, kijiji kikakauka. Mwishowe wazee wakakibeba kile kiti kipana, wakakitua uani kwa Nderingo, nyuma yao wanawake, mbele yao kata. Anaeli akasimama mlangoni kama siku zote. Wazee hawakumtazama. Walimwita Nderingo kwa jina la baba yake, kisha kwa jina la babu yake, wakamwambia asipotoka ukoo wake hautakaa tena kwenye baraza.

Nderingo akatoka. Alimsogeza mkewe taratibu kwa bega, akasogea mpaka kwenye kiti, akanyoosha mkono. Baadaye yeye mwenyewe hakuficha, alisema angekunywa. Alijiambia ni nusu tu, na aliijua nusu hiyo ingeishia wapi.

Ndipo akatokea Kisaka, mtoto wa baba yake mdogo. Kwa damu kiti kilimfikia na yeye, tena alikuwa akikitamani tangu ujana, na kila mtu alilijua hilo. Kisaka aliketi kwenye kiti kabla ya Nderingo, akaipokea kata, akanywa mpaka chini, akafuta mdomo, akasema imeiva. Wazee wakakubali, maana damu ni ile ile. Jioni ile majani yalichomekwa njia nzima, na Nderingo akawa huru.

Ukapita mwaka na nusu. Nderingo hakuonja hata tone, msibani wala harusini. Akalima, akapanda, akavaa viatu vyake na kufunga kamba. Bi. Mwanahawa alimwambia makovu ya ini hayafutiki, ila lile lililobaki litamtosha asipolichokoza. Kisaka naye alikaa kwenye kiti, akanywa, akafuta mdomo, akasema imeiva, na miguu yake ikaanza kuvimba. Wangarumo wakamchinjia mbuzi. Safari hii waliocheza walikuwa wachache, na wengine waliitazama ile miguu wakaondoka mapema.

Ng'ombe mwekundu akashika mimba. Mchungaji akamkumbusha Nderingo nadhiri yake, na Jumapili baada ya ibada watu wote wakakusanyika. Nderingo akamleta ng'ombe, akashika kamba, akauliza nani aliyemrudishia miguu.

Bi. Mwanahawa alikuwa wa kwanza, kwa sababu mchungaji alimtaka aseme. "Sikuja Ngarumo kutafuta ng'ombe," alisema. "Lakini mkimpita mtu aliyesema kweli, kesho hapa hatasema mwingine. Wote mlikuwa mnacheza ngoma. Ningekula nyama nikaenda zangu, baba huyu angezikwa mwaka ule, na mngeimba kwamba ameitwa. Kabla yangu hakuna aliyejua kwamba ni ugonjwa."

Wengi waliinamisha vichwa, maana walizijua zile barua zao.

Anaeli akasimama. "Kweli aliisikia, na kesho yake akanywa," alisema. "Kweli haikumbeba mpaka hospitali. Mimi nilimbeba. Nimeacha upishi wangu, nimepoteza wenzangu, nimemzika mama yangu utadhani mgeni kijijini. Na msiniambie ng'ombe huyu ni wa nyumba yangu tayari. Ng'ombe wa nyumbani ni wa mume. Mimi namtaka wa kwangu."

Kisaka hakuweza kusimama muda mrefu, akasema akiwa ameketi. "Shemeji, nakuheshimu. Lakini siku ile mganga alikuwa zahanati, na wewe ulikuwa mlangoni, na mume wako alikuwa amekwishakupita. Mkono ulikuwa kwenye kata. Aliyeuondoa ni mimi. Miguu aliyoivua Nderingo, mimi nimeivaa."

"Ulikitaka kile kiti tangu ujana," Anaeli akamjibu.

"Nilikitaka," Kisaka akasema. "Na ndugu yangu nilimpenda. Yote mawili yalikuwa kweli siku moja."

Bi. Mwanahawa akamwambia hajachelewa, ashuke leo hii na aende hospitali. Kisaka akauliza akishuka yeye atapanda nani.

Hapo kijiji kikagawanyika. Wengine walisema apewe Kisaka, apate maziwa na sababu ya kuondoka kwenye kiti kile. Wengine wakasema ukimpa zawadi aliyekunywa, mwakani vijana watapanga foleni kuvimba miguu. Wengine wakasema mke hapewi zawadi kwa kumlinda mumewe, na wanawake, wale wale waliokuwa hawamwamkii Anaeli, wakawakemea. Na kulikuwa na waliosema pembeni kwamba Nderingo abaki na ng'ombe wake, kwani kata zote alizozikataa harusini na misibani, hakuna aliyemkatalia.

Nderingo alisimama na kamba mkononi. Alimtazama aliyemwambia kweli, akamtazama aliyemsimamia mlangoni, akamtazama aliyekaa mahali pake. Alilia bila kuona haya, kwa sababu aliwapenda wote watatu, na mmoja wao alikuwa anakufa kifo chake.

Ng'ombe ni mmoja, na nadhiri haigawanywi. Mimi kazi yangu ni kusimulia, kuamua nimewaachia ninyi mliokaa hapa na miguu yenu mizima. Je, mngekuwa ninyi Nderingo, kamba ile mngemkabidhi nani?