Mkeka Wenye Jicho

Sogeeni, mkae kitako, kisa kinaingia.

Mwanakheri alikuwa mzazi wa siku ishirini, yumo ndani na kichanga chake, hatoki mpaka arobaini iishe. Nje anamsikia wifi yake Tatu akicheka, anakwenda harusini, na wivu unamla, unamla, unamla.

Zimwi likaunusa wivu ule, likaja dirishani. "Shoga, nipe mtoto nikushikie, nawe ukacheze." Akakataa. Kesho yake likarudi, akasita. Siku ya tatu akamnyanyua mtoto ampitishe dirishani, ndipo akaliona jicho jekundu kwenye ufa wa dirisha, linautazama uji wake, kitanda chake, mwanawe, linalengwa na machozi.

"Kumbe nawe una wivu?"

"Miaka mia nazurura, hakuna aliyeniwekea uji."

Mwanakheri akamkumbatia mwanawe. "Basi njoo kesho." Kutwa akasuka miyaa, akatoa mkeka wenye nakshi ya jicho jekundu kama lile lile, akautundika dirishani.

Zimwi likaja, likakutana na jicho. "Ah, zimwi mwenzangu keshapewa chumba." Likaondoka limenuna, halijarudi hata leo.

Jioni Tatu akasimama kuutazama mkeka. "Wifi, unasukwaje huu? Nakuonea wivu."

"Ingia, wifi, uji upo."

Nami nimekunja kisa changu, kunjeni miguu mkalale.