Kibali cha Meno ya Nyegere

— Paukwaa!

— Pakawaa!

Hiyo ndiyo sauti? Mmekula kweli nyinyi? Narudia. Paukwaa!

— Pakawaaa!

— Pakawa nani?

— Pakawa mwenye meno!

— Na asiye na meno?

— Ainyonye hadithi!

Haya, sasa mmeamka. Na wewe wa nyuma unayetafuna karanga, tafuna polepole, usije ukanifunika sauti.

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, kwenye majabali ya Kilimakipara aliishi Pimbi. Mdogo! Ukimwangusha kwenye kapu la viazi utamtafuta mpaka ukate tamaa. Lakini huyo huyo Pimbi ndiye aliyekuwa daktari wa meno wa nchi nzima. Kuna msomi mmoja alinikatiza hapa siku moja: "Pimbi atakuwaje daktari?" Nikamuuliza, "Na wewe ulipataje kuwa msomi?" Akanyamaza hadi leo. Shule mimi niliiacha mapema kabla haijaniharibu, lakini kwa hadithi, mleteni anayeniweza.

Kliniki ya Pimbi ilikuwa pangoni. Kiti kimoja cha jiwe, laini, kinafutwa kila mgonjwa akiinuka. Ndoo ya taka ina kifuniko chake. Na jikoni sufuria la maji linachemka kutwa, bwata-bwata-bwata, na ndani yake koleo la kung'olea meno. Ulikuwa ukiingia pale hata jino linaona aibu kuuma.

Sasa nchi hiyo ilikuwa na mkaguzi. Nyegere. Mnamjua Nyegere? Ngozi nene kama kandambili za tairi, kucha ndefu, na akikasirika, Simba mwenyewe hujidai amekumbuka safari. Jino lake moja la mbele lilimeguka nusu, siku aliyong'ata mzinga wa nyuki kwa pupa, kumbe jiwe. Kazi yake ilikuwa kukagua usafi wa maduka, vinyozi, waganga, wote.

Na utaratibu ulikuwa hivi. Mihuri hawakuwa nayo, karatasi hawakuwa nazo. Mkaguzi akiridhika, anang'ata donge la udongo mbichi. Meno yake yanabaki pale, donge linaanikwa juani, linatundikwa mlangoni. Hicho ndicho kibali. Halafu mkuu wa nchi, Mzee Tembo, anapita kila mwaka. Mlango wenye kibali, anausalimia. Mlango usio na kibali, anauziba kwa jabali. Gubu! Kwisha habari.

Basi Nyegere akaja.

"Hodi!"

"Karibu, Bwana Mkaguzi. Shikamoo."

"Sikuja kuamkiwa, nimekuja kukagua. Maji yanachemka?"

"Yanachemka." Bwata-bwata-bwata.

"Koleo safi?"

"Safi."

"Kiti kimefutwa?"

"Kimefutwa, kikafutika."

Nyegere akapitisha kucha juu ya rafu: vumbi hakuna. Akanusa ndoo ya taka: hainuki. Akatazama juu, safi. Akatazama chini, safi. Akakunja uso. Unajua mkaguzi mlafi akikosa kosa, njaa ndiyo inayomuuma.

Nje kwenye benchi walikaa wagonjwa wawili. Kima, shavu limemvimba kama ameficha chungwa, ana kichane cha ndizi. Na Babu Ngiri, mzee wa watu, jino lake kubwa la kuchimbia limevunjika. Tangu livunjike hachimbi tena mizizi, anaokota makombo, mbavu unazihesabu kutoka mbali. Pimbi alimwahidi jino la bandia.

"Ndizi za nani hizi?" Nyegere akauliza.

"Zangu, Bwana Mkaguzi. Nitakula shavu likipoa."

"Chakula kwenye kliniki? Hiki nacho kikapimwe!" Mdomoni. Nyam, nyam, gulu!

"Umeona kasoro gani?" Kima akauliza.

"Kipimo kimoja hakitoshi." Nyam, nyam, gulu! Akapima mpaka kikabaki kikonyo kitupu.

Pimbi akamletea donge la udongo. "Kibali chetu, Bwana Mkaguzi. Ng'ata hapa."

Nyegere akalisukuma kando. "Bado. Foleni yenu mbovu. Kuanzia leo hakuna kuruka foleni, hata awe nani. Na koleo lichemshwe upya kwa kila mgonjwa, lichemke mpaka liive. Nitarudi."

Kanuni nzuri, sikatai. Pimbi akazishika.

Nyegere akarudi. Akatazama juu, safi. Akatazama chini, safi. Babu Ngiri alikuwa na kiazi kitamu alichopewa na jirani, kimoja, amekikumbatia kama mjukuu.

"Hiki nacho kikapimwe!" Nyam, nyam, gulu!

"Jamani, mwanangu," Babu Ngiri akasema, "si ungenibakizia hata ganda?"

"Ganda ndilo lenye vijidudu, mzee. Nimekuokoa."

Kibali je? Wapi! "Bado. Wagonjwa wenu wanaongea sana. Mgonjwa akishakaa kitini asitoe neno. Nitarudi."

Siku ya Tembo ikakaribia. Nyegere akaja tena, na safari hii hakutazama juu wala chini. Akamvuta Pimbi pembeni.

"Daktari, tuongee kiutu uzima. Kesho Tembo anapita. Nikija asubuhi nikute asali. Si ya kuonja, mtungi mzima. Nisipoikuta, ukatafute kazi ya kuota jua, naona kwenu mnaipenda."

Akaondoka zake anapiga mluzi kupitia lile jino lililomeguka, fyuu, fyuu.

Babu Ngiri alisikia yote. "Mjukuu wangu, hapa pakizibwa, mimi jino nitalipata wapi? Kiangazi hiki sikimalizi."

Pimbi akajikuna kichwa. Akatazama lile donge la udongo. Akatazama rafu. Halafu akatabasamu, na pimbi akitabasamu, nyie, yale meno ya mbele utadhani milango miwili.

"Babu, huna asali hata kidogo?"

"Ninalo sega moja, dogo, nimelificha kwapani. Yule hajanikagua kwapa."

"Nipe."

Sasa sikilizeni, hapa ndipo mjue nina akili. Daktari wa meno ana unga wake mweupe. Anaukoroga na maji, unakuwa kama uji mzito. Mgonjwa anang'ata, uji unaganda, ukitolewa una umbo la mdomo mzima, ndipo daktari anapata kipimo cha jino la bandia. Lakini unaganda upesi! Ukianza kumwamkia mkweo, mpaka amalize kukuuliza watoto hawajambo, uji umekuwa jiwe.

Asubuhi Pimbi akakaa na unga wake, maji yake na sega la Babu Ngiri. Benchi limejaa wagonjwa. Aliposikia tu fyuu, fyuu bondeni, akakoroga. Koro, koro, koro.

"Hodi! Asali iko wapi?"

"Asali sina, Bwana Mkaguzi."

Nyegere akanusa. Fnf. Fnf. "Na hicho kibakuli?"

"Ni cha Babu Ngiri. Si chakula. Nakuomba usikionje."

"Kinanukia asali."

"Nimetia kidogo tu kukata ladha ya chokaa. Lakini si chakula. Babu, si nasema kweli?"

"Si chakula, mwanangu," Babu Ngiri akasema, kisha akameza mate. "Ila harufu yake, aisee!"

"Mnanificha mimi? Mimi Nyegere? Hiki nacho kikapimwe!"

Akakigeuzia kibakuli chote mdomoni. Nyam, nyam. Nyam. Nya…

Akavuta taya la juu, halitoki. Akavuta la chini, halitoki. Macho yakamtoka.

"Mmmh!"

"Vipi, Bwana Mkaguzi, kuna kasoro umeiona?"

"Mmmh! Mmmh!" Akakimbilia kiti cha jiwe.

Pimbi akasimama mbele yake, kakidaktari ka kiganja kimoja. "Foleni, Bwana Mkaguzi. Hakuna kuruka foleni, hata awe nani."

Benchi zima likageuka kumtazama. Kifua kimemvimba, kucha amezitoa, lakini akimrarua Pimbi, nani atamfungua mdomo? Akaenda kukaa mwisho.

Akaingia Kima. Akatoka. Koleo likarudi sufuriani, bwata-bwata-bwata, mpaka liive. Akaingia Babu Ngiri, akakorogewa uji mwingine, huu hauna asali, akang'ata huku analalamika kwamba ni chokaa tupu. Akatoka. Bwata-bwata-bwata. Wakaingia wengine, wakatoka. Na Kima, shavu limeshapoa, akaketi mbele ya Nyegere, akamenya ndizi. Taratibu. Upande mmoja, halafu upande wa pili.

"Ungependa kuipima, Bwana Mkaguzi?"

"Mmmh."

Zamu yake ikafika. Akaketi kitini.

"Mmmh! Mmmh!"

"Mgonjwa akishakaa kitini asitoe neno," Pimbi akasema. Akapanda kifuani kwake, akashika koleo, akavuta. Kra! Akavuta. Kraaa! Akavuta tena. Pwaa! Likatoka jiwe jeupe, limechongeka meno yote ya Nyegere, moja baada ya moja, na lile la mbele lililomeguka nusu.

Wakati huo huo ardhi ikatikisika. Ndu! Ndu! Ndu! Mzee Tembo huyo anakuja, anasukuma jabali kwa mkonga.

"Daktari! Kibali chako kiko wapi?"

Pimbi akatoka mbio, akalitundika lile jiwe mlangoni. "Hiki hapa, Mzee. Bado cha moto."

"Uongo!" Nyegere akapiga kelele, akifuta midomo. "Hicho si kibali!"

Tembo akainama, akatazama jiwe. Akamtazama Nyegere mdomoni. Akatazama jiwe tena. "Haya meno si yako?"

"Ni yangu, lakini…"

"Lakini nini? Yaliingiaje humu? Ulikuwa unakagua, au ulikuwa unakula?"

Kima akaacha kutafuna. Babu Ngiri akalishika shavu lake. Nyegere akamwangalia Tembo, akaliangalia lile jabali, akaona linamtosha kabisa.

"Nilikuwa nakagua, Mzee."

"Na umeridhika?"

"Nime… nimeridhika."

"Sikusikii, masikio yangu makubwa lakini ya uzee."

"Nimeridhika sana!"

Tembo akampigapiga mgongoni kwa mkonga. "Hongera. Miaka yote natembea sijaona mkaguzi wa namna hii. Wengine wanaacha alama mbili tatu za mbele, wanaondoka. Wewe umeng'ata mpaka magego!"

Jabali akaliacha pale nje, likawa benchi la pili. Babu Ngiri akapata jino lake, na jioni hiyo hiyo akachimba kiazi, akala mpaka na ganda.

Watu walipotawanyika, Nyegere akarudi kinyemela. "Daktari," akanong'ona, "kuna gego huku nyuma linaniuma."

Pimbi akalitazama jiwe mlangoni. "Nimeliona. Limetoboka. Asali hiyo."

"Sasa niingie?"

Pimbi akaonyesha benchi. "Foleni, Bwana Mkaguzi."

Mnataka funzo? Chukueni. Funzo la kwanza, mkaguzi ni mtu wa kuaminiwa, anafanya kazi kwa moyo wote na meno yote. La pili, asali haidhuru meno, kuleni mchana kutwa. La tatu, mdogo asithubutu kushindana na mkubwa, atashindwa tu. Nani anacheka? Wewe wa karanga, fungua mdomo nikuone.

Hadithi yangu imeganda hapo. Kama imewakolea, niliitunga mimi. Kama haikuwakolea, niliisikia kwa jirani.