Pumzi Iliyolala Bakulini

Hapo zamani, chini ya mlima ambao hadi leo haujaamua kama umelala au umekufa, palikuwa na kijiji cha wafugaji. Nje ya kijiji palikuwa na bonde dogo la mviringo. Watu waliliita Bakuli. Majani ya Bakuli yalikuwa mabichi mwaka mzima, maana hakuna mnyama aliyewahi kuyamaliza. Mbuzi aliingia kula, akafa. Mbwa alimfuata mbuzi, akafa. Ng'ombe aliingia akiwa amesimama, akala, akatoka salama. Siku nyingine aliingia, akalala ili acheue, na hakuamka. Hapakuwa na damu, hapakuwa na jeraha, hapakuwa na harufu.

Kando ya Bakuli aliishi Bibi Subilaga, mtunza moto wa tambiko.

"Mungu naye hupumua," aliwaambia watu. "Sisi tunapumua huku juu, yeye anapumulia pale chini. Pumzi yake si yetu."

Akawawekea masharti. Usiingie Bakulini bila mwenge uliowashwa kwa moto wa tambiko. Ushike mwenge chini ya goti, na Mungu akiuzima, geuka. Tena, ukiwa mle ndani, usiiname, hata kama umeangusha mundu. Anayeinama anaomba abaki.

Walioshika masharti waliishi. Waliosahau walizikwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kisha akarudi Anyosisye, kijana wa kijijini aliyekuwa amekwenda kusoma mbali. Asubuhi alikaa ukingoni mwa Bakuli akirusha manyoya ya kuku na kutazama yanakoelekea. Jioni alirudi akayarusha tena. Watu wakasema, masomo yamemzidi, sasa anawapa kuku mabawa. Yeye akaendelea kurusha. Siku moja aliwaita wote. Alikuwa na koroboi inayowaka na kibuyu chenye shingo ndefu. Akateremsha kibuyu Bakulini kwa kamba, akachota, akakipandisha taratibu, akakiinamisha juu ya koroboi. Hakikutoka kitu. Moto ukazimika.

"Amemwaga nini?" mmoja aliuliza.

"Hajamwaga kitu."

"Sasa hicho ambacho si kitu kimezimaje moto?"

"Si ndicho kibuyu cha pombe ya jana? Labda koroboi imelewa!"

Watu wakacheka. Anyosisye akawasha tena, akachota tena, akamimina tena. Moto ukazimika tena. Kicheko kikaisha.

"Ni hewa," alisema. "Inatoka tumboni mwa mlima. Ni nzito kuliko hewa yetu, kwa hiyo inatuama chini kama maji. Usiku hakuna upepo, Bakuli linajaa. Mchana upepo unavuma, Bakuli linamwagika. Kaa juu, utaishi. Kaa chini, utakufa. Ni hewa tu."

Bibi Subilaga alikuwa ameegemea mwanzi wake. "Mjukuu wangu, umeichota pumzi ya Mungu kwa kibuyu cha pombe."

"Sijasema Mungu hayupo, Bibi. Nimesema hii ni hewa."

"Na hewa ni ya nani?"

Anyosisye akakunja kamba ya kibuyu chake. Bibi naye akarudi kwenye moto wake. Wakaachana pale, kila mmoja akiwa na lake.

Miongoni mwa waliotazama alikuwamo Tusekile, mjane mwenye mtoto mmoja na ng'ombe mmoja. Mtoto aliitwa Tumpe, binti wa umri wa kung'oa meno ya mbele, naye alitazama akiwa ameshika kanga ya mama yake. Tusekile alisikia maneno yote ya Anyosisye, lakini aliondoka na mawili: hewa tu.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Ng'ombe wa Tusekile akazaa, na maziwa hayakutoka. Ndama akawa ananyonya ngozi. Alfajiri moja Tusekile alimwamsha Tumpe, akampa mundu.

"Nenda Bakulini ukate majani, mwanangu. Usikawie, ndama anakufa."

"Mama, na mwenge?"

"Mwenge wa nini? Ni hewa tu."

Lakini mtoto alipenda moto, kama watoto wote. Akapitia kwa Bibi Subilaga.

"Bibi, shikamoo. Naomba moto."

"Marahaba. Unakwenda Bakulini asubuhi hii?"

"Mama kanituma."

Bibi akamwashia mwenge. Hakumzuia. Alisema moyoni: Mungu akitaka arudi, atamrudisha mwenyewe.

Mbele kidogo Tumpe akamkuta Anyosisye na manyoya yake. Asubuhi ile hapakuwa na upepo; unyoya ulikuwa ukidondoka wima kama jiwe.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba. Huo moto unampelekea nani? Mungu anasikia baridi?"

Tumpe akacheka, akapita. Anyosisye hakumzuia. Alisema moyoni: aliona kibuyu, anajua.

Mtoto akateremka Bakulini, mwenge chini ya goti, kama alivyofundishwa na Bibi. Akakata majani kidogo, akasogea. Akakata tena, akasogea. Alipofika katikati, mwenge ukazimika. Akageuka. Lakini hewa ya Bakuli ilikuwa bado inapanda, na alikotoka napo palikuwa pamejaa; akahisi miguu inalegea na kichwa kinavuma. Hapo akakumbuka kibuyu cha Anyosisye: kaa juu, utaishi. Palikuwa na jiwe kubwa. Akapanda juu yake, akapiga kelele mpaka sauti ikawa ndogo, kisha akaketi, kisha kichwa kikainama.

Kelele zilileta watu ukingoni, Tusekile akiwamo. Bibi Subilaga alifika, akafunga mwenge kwenye ncha ya mwanzi wake, akauteremsha. Ukazimika.

"Imefika kifuani kwa mtu mzima," alisema. "Atakayeingia aende wima, kama mchi. Akiinama tu, tunazika wawili."

Anyosisye alifika, akatazama mikeka iliyoanikwa kwa Bibi. "Leteni mikeka! Pepeeni! Hewa isukumwe upande wa kule! Na mtu asiingie. Jua likipanda, upepo utakuja."

"Utakuja lini?" Tusekile aliuliza.

"Karibu tu."

"Karibu ya mwanangu imeshapita."

Akavuta hewa, akafunga mdomo, akaingia.

Alikwenda wima kama mchi. Akajikwaa, hakuinama. Kanga ikamdondoka, hakuinama. Akafika kwenye jiwe, akamtwaa mwanawe, akamweka begani, akageuka. Watu walipepea mikeka mpaka mikono ikakosa nguvu. Tusekile akapanda ukingoni, akamlaza mtoto kwenye majani makavu, naye akaanguka kando yake.

Tumpe hakuwa akipumua.

Anyosisye akapiga magoti, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto, akampulizia. Bibi Subilaga akapiga magoti upande wa pili, akaita: "Mungu, umevuta yako, turudishie yetu." Huyu akapuliza, huyu akaita. Huyu akapuliza, huyu akaita. Mtoto akakohoa.

Sasa, katika kijiji kile palikuwa na mila. Aliyekufa akarudi, walisema, amezaliwa upya. Kuzaliwa kwake kwa kwanza kumefutika, na anayemlea ni yule aliyemrudisha, la sivyo uhai hautakaa. Kwa hiyo jioni ile wote walikutana uani kwa Jumbe, mkuu wa kijiji.

Bibi Subilaga alisema: "Jumbe, mtoto ni wangu. Mwenge ulimwambia geuka, na mwenge ni wangu. Nisingewapa sharti la kutoinama, huyu mama angeinamia kanga yake. Nami nikaita, Mungu akasikia. Sina mrithi. Nikifa bila wa kunipokea moto, mtoto wa kesho ataonywa na nani?"

Anyosisye alisema: "Jumbe, mtoto ni wangu. Mwenge ulimwambia geuka, lakini nyuma palikuwa na kifo. Kilichomweka juu ya jiwe ni neno langu. Pumzi iliyoingia kifuani mwake ilitoka kifuani mwangu, wote mliona. Nitamsomesha. Atawafundisha watoto wa kesho kwa nini wageuke, na waende saa ngapi, na wakimbilie wapi. Anayejua kwa nini hasahau."

"Mama yake alijua kwa nini," Bibi alimkatiza. "Uliwaambia 'hewa tu'. Kabla hujawafundisha, kiangazi kilikuwa kikifika na hakuna aliyemtuma mtoto Bakulini."

"Na wewe, Bibi, ulimwashia moto ukamwacha aende."

"Na wewe ulimwona akipita, ukamtania."

Hapo Tusekile akasogea mbele ya Jumbe.

Tusekile alisema: "Mimi ndiye niliyemtuma. Sikatai. Nilitaka maziwa ya ndama nikasahau uhai wa mwanangu. Lakini mimi ndiye niliyemfuata. Bibi alikuwa na Mungu, akabaki ukingoni. Msomi alikuwa na hewa, akabaki ukingoni. Mimi sikuwa na kitu. Jumbe, nina mmoja tu."

"Uliingia na maneno yetu," Anyosisye alisema polepole. "Uliziba pumzi kwa sababu nilisema ni hewa. Ulikwenda wima kwa sababu Bibi alisema usiiname."

"Ndiyo," alisema Tusekile. "Na miguu ilikuwa ya nani?"

Jumbe akawatazama wazee wake. Mmoja alisema moto, mwingine alisema kibuyu, wa tatu alisema miguu, na kabla hawajamaliza kila mmoja alikuwa amebadili. Jumbe akamwita mtoto.

"Tumpe, mjukuu wangu. Nani alikuokoa?"

Mtoto akafikiri. Alikuwa ameshika kamba ya ndama, na ndama alikuwa akinyonya kidole chake.

"Jiwe," alisema.

Watu wakacheka, na Jumbe akacheka, lakini Tusekile hakucheka.

Jua likazama. Bakuli likaanza kujaa tena, taratibu, bila kumuuliza mtu. Milango mitatu ilikuwa wazi: wa kwanza una moto usiozimika, wa pili una vitabu na manyoya ya kuku, wa tatu una ng'ombe asiye na maziwa na mama asiyeinua macho. Mtoto amesimama uani na kamba mkononi, anasinzia, anasubiri aambiwe aende wapi. Jumbe ameshindwa, na mimi niliyesimulia nimeshindwa. Nyinyi mliosikiliza mna midomo.

Je, mtoto huyu leo alale kwa nani?